Mikanda Siyo Kipimo

Ubishi wa nani mkali wa mieleka wa muda wote umerudi bwenini, na kama kawaida watu wanahesabu mikanda. John Cena kachukua ubingwa wa dunia mara 17, basi kesi imeisha! Mimi nakataa. Mshindi wa WWE hupangwa kabla ya pambano. Mkanda unaonyesha tu kampuni ilimwamini nani.

Kwetu Mtinko, kwenye banda la video, hakuna aliyehesabu mikanda. Taa zikizimwa na Undertaker akianza kutembea taratibu, banda zima kimya, hata wale wabishi. Nilipofika chuo nikachekwa: "Ulidanganywa, yale ni maigizo." Sawa. Lakini mwaka 2014, Brock Lesnar alipomshinda baada ya ushindi 21 mfululizo wa WrestleMania, uwanja wa New Orleans uliduwaa kama kuna msiba. Watu wazima, wanaojua kila kitu kimepangwa, walishika vichwa.

Kipimo changu ndicho hicho: kumfanya anayejua kuwa ni mchezo asahau kwamba anajua. Kwangu ni Undertaker. Anayebisha aje, ila mikanda aiache mlangoni.