Daftari Bila Mzee: Funzo Kutoka Bonde la Ceno

Wahenga walinena kwamba mwacha asili ni mtumwa. Kauli hii tumeizoea hata tukadhani inatuhusu Waafrika pekee, na kwamba Mzungu, aliyeandika kila kitu, hufungua kitabu tu akaiona asili yake. Fikra hiyo ilitamkwa waziwazi katika semina moja niliyohudhuria. Mwanafunzi mwenzetu alikuwa amekusanya nasaba ya ukoo wake kutoka kwa nyanya zake, akaambiwa kuwa pasipo maandishi hapana historia. Nilinyamaza siku ile, na hadi leo najutia kimya changu. Makala haya ni jibu lililochelewa. Mfano wangu nautoa Italia makusudi, kwa kuwa huko maandishi hayakosekani.

Tulitazame bonde la mto Ceno katika mkoa wa Parma, na mji mdogo wa Bardi wenye ngome kongwe juu ya mwamba. Kuanzia mwishoni mwa karne ya 19, ufukara wa milimani uliwatoa watu huko kwa wingi. Wengi walikwenda kusini mwa Wales, penye migodi ya makaa ya mawe, wakafungua mikahawa na kuuza aisikrimu. Miongoni mwa waliotangulia walikuwamo watu wa jina la Bracchi. Basi wenyeji wakawa wanauita kila mkahawa wa Mwitaliano 'Bracchi', awe mwenyewe ni nani. Hapo tayari jina limeanza kumpoteza mwenye jina.

Chukulia kwamba kitukuu wa mmoja wa wahamiaji hao anataka kujua alikotoka. Karatasi za Uingereza mara nyingi zitamwambia neno moja tu: Italia. Akibahatika kufika Bardi, atakuta madaftari ya serikali, kwani ufalme wa Italia, ulioasisiwa mwaka 1861, ulianzisha usajili wa kiraia wa vizazi, ndoa na vifo mwaka 1866. Kabla ya hapo atategemea zaidi madaftari ya parokia, ya ubatizo na ndoa, yaliyoamriwa na Mtaguso wa Trento mwaka 1563. Hazina iliyoje! Hata hivyo, padri aliandika kwa Kilatini: Giovanni akawa Ioannes, Giacomo akawa Iacobus. Isitoshe, desturi ilikuwa kifungua mimba wa kiume apewe jina la babu mzaa baba. Babu mwenye wana watano aliweza kupata wajukuu watano wa jina lake, wote wa ukoo mmoja na kitongoji kimoja. Ni yupi kati yao aliyepanda meli?

Ndiyo maana katika vijiji vingi vya milima ya Italia kila nyumba ilipewa lakabu ya kuitofautisha na nyingine. Lakabu hizo aghalabu hazimo daftarini. Zimo vinywani mwa wazee, tena kwa lahaja. Mwanaisimu Tullio De Mauro, katika kitabu chake cha 1963, alikadiria kwamba wakati wa kuungana kwa nchi hiyo ni takriban asilimia 2.5 tu ya watu waliokimudu Kiitaliano. Sisi tunaosoma Kimvita na Kiamu tunaelewa maana yake: anayeijua lugha sanifu pekee atalisoma jina, lakini huenda asimpate mtu.

Daftari hukatika hata baharini. Italia ilipoingia vitani dhidi ya Uingereza tarehe 10 Juni 1940, wanaume wa Kiitaliano walikamatwa. Meli ya Arandora Star, iliyokuwa ikiwapeleka baadhi yao Kanada, ilizamishwa na nyambizi ya Kijerumani tarehe 2 Julai 1940. Zaidi ya watu 800 walikufa, Waitaliano wakiwa zaidi ya 400, na baadhi yao walitoka Bardi na viungani mwake. Kikanisa kilichomo katika makaburi ya Bardi kinawakumbuka. Daftari lao la ubatizo litasema walizaliwa lini. Halitasema nani aliachwa akingoja mlangoni.

Kuna atakayenikumbusha kuwa mzee husahau, hutia chumvi, na huficha aibu ya ukoo. Ni kweli, nami sibishi. Wahenga hao hao walituonya kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Rai yangu si kwamba simulizi iliondoe daftari, bali kila kimoja kimhoji mwenzake. Mtafiti wa Bardi asiyemsikiliza mzee atamlilia babu asiye wake. Naye wa kwetu asiyeandika atarithisha hewa.

Kwa hivyo, wanachama wenzangu, napendekeza kila mmoja wetu aendapo likizo amrekodi mzee mmoja, aandike tarehe, mahali na lahaja, kisha nakala ihifadhiwe idarani. Nawaomba wahadhiri wetu nao waipokee nasaba ya mdomo kama ushahidi wa kuchunguzwa, si wa kutupwa. Penye wazee, tumefunzwa, haliharibiki neno. Lakini wazee hawatungoji. Yule nyanya aliyemsimulia mwenzetu ukoo wake mzima bado yu hai. Kinasa sauti chetu kiko wapi?