Sikio Lisilolala

Wahenga walisema kwamba sikio halilali njaa. Walikuwa wakilisema sikio la mwanadamu, ambalo hata lisipozitafuta habari, habari hulifuata. Siku hizi limezuka sikio jingine, lisilojua njaa wala shibe, nalo huvaliwa. Limo ndani ya saa ya mkononi, ndani ya miwani, na sasa hata ndani ya bangili. Watengenezaji wanaliita msaidizi aliye tayari wakati wote. Nami nasema, ndugu msomaji, kwamba kuwa tayari wakati wote ni jina la adabu la kusikiliza wakati wote, na kwamba kitu cha namna hiyo hakina ruhusa ya kuingia katika kikao cha watu bila ya kupiga hodi.

Sitaki kumsingizia mtu. Anayekipinga kitu hana budi kwanza akieleze kilivyo. Mwaka 2017 wahandisi wa kampuni ya Apple walichapisha maelezo ya jinsi msaidizi wao, Siri, anavyoamshwa kwa sauti. Maikrofoni hupima mtikisiko wa hewa mara 16,000 kila sekunde. Vipimo hivyo hukatwakatwa vipande vya sehemu moja ya mia ya sekunde, kisha hupitishwa kwenye programu ndogo inayokaa katika sehemu ya mtambo isiyolala na isiyokula umeme mwingi. Kazi ya programu hiyo ni moja tu: kukadiria kama sauti iliyopita inafanana na maneno ya kumwamsha msaidizi. Ikitoa alama ndogo, mambo huishia hapo. Alama zikivuka kizingiti kilichowekwa, mtambo mkubwa huamka, huhakiki kwa makini zaidi, na hapo ndipo msaidizi huanza kuyashughulikia maneno yanayofuata.

Kwa hiyo wanaosema kwamba kifaa hakipeleki kila neno letu ng'ambo wanasema kweli. Ni kama bawabu anayesinzia mlangoni, anayepuuza kelele zote mpaka asikie jina lake. Lakini bawabu anayesinzia bado ana masikio. Hawezi kulitambua jina lake bila ya kuyasikia na mengine yote. Hilo ndilo jambo la kwanza ambalo maneno “yuko tayari” yanalifunika.

Jambo la pili ni hicho kizingiti. Mashine haijui; inakadiria. Kizingiti kikiwekwa juu, mwenye kifaa ataita mara tatu bila ya kuitikiwa. Kikiwekwa chini, kifaa kitaitika hata kisipoitwa. Hakuna mahali pa kukiweka ambapo makosa yote mawili yatakwisha. Sasa jiulize ni nani atakayelalamika. Aliyenunua asipoitikiwa atanung'unika, na pengine atakwenda kununua kwa mshindani. Lakini jirani yake ambaye maneno yake yamenaswa kwa bahati mbaya hanung'uniki, kwa kuwa hana habari. Basi muuzaji anasikia malalamiko ya upande mmoja tu, na mtu hutengeneza pale anapopigiwa kelele.

Saa ya mkononi ina mkasa wake peke yake. Betri yake ni ndogo, na kwa sababu hiyo Apple walieleza kwamba sikio la saa hufanya kazi pale mkono unapoinuliwa na kioo kuwaka. Ni njia ya busara ya kuokoa umeme. Lakini je, mkono huinuliwa kwa ajili ya kutazama saa tu? Sisi huinua mikono kuomba dua. Huinua mkono kufuta machozi, kushika tama, kumtuliza mtoto, kusisitiza neno tunaloapia. Mkono hupanda hasa pale maneno yanapokuwa mazito.

Na jina lenyewe! Siri aliletwa katika simu Oktoba 2011, na kila Mswahili aliyelisikia jina hilo alitabasamu. Aliyetaka kumwamsha kwa sauti ilibidi atangulize neno la mwito. Mwaka 2023 Apple wakaliondoa kwa wasemao Kiingereza na lugha nyingine chache, ikawa kwenye simu yatosha kusema “Siri” peke yake. Kwetu neno hilo hutamkwa lini? Hutamkwa mtu anaposogea karibu na mwenziwe na kushusha sauti, yaani wakati uleule ambao hataki kusikilizwa na wa tatu.

Haya si mawazo ya mtu mwenye wasiwasi. Julai 2019 gazeti la Guardian la Uingereza lilieleza kwamba wafanyakazi wa mkataba walikuwa wakisikiliza vipande vya sauti vya Siri ili kupima ubora wa kazi yake, na kwamba humo walikuta mazungumzo ya wagonjwa na madaktari, biashara na mambo ya chumbani. Mtoa habari alisema kwamba hata mlio wa zipu uliweza kumwamsha msaidizi, na kwamba saa ilikuwa miongoni mwa vifaa vilivyonasa kwa makosa mara nyingi zaidi. Kampuni ilisema kwamba vipande hivyo ni chini ya asilimia 1 ya matumizi ya kila siku na kwamba havina jina la mtumiaji. Hata hivyo Agosti mwaka huohuo ikasimamisha zoezi hilo na kuomba radhi. Januari 2025 ikajulikana kwamba imekubali kulipa dola milioni 95 kumaliza kesi iliyofunguliwa Marekani, bila ya kukiri kosa. Wala si kampuni moja. Mwezi uleule wa Julai 2019, kituo cha utangazaji cha VRT cha Ubelgiji kilisikiliza vipande zaidi ya 1,000 vya msaidizi wa Google, na 153 kati yake vilikuwa vimenaswa bila ya mwito kutamkwa waziwazi.

Wako watakaosema: mambo hayo yamekwisha rekebishwa, na mwenye kifaa anaweza kuchagua. Nakubali kwamba yako yaliyorekebishwa. Lakini uchaguzi unaotolewa na muuzaji, muuzaji huweza kuuchukua. Machi 28, 2025, kampuni ya Amazon ilifuta hiari iliyowaruhusu wenye baadhi ya spika zake kuzuia sauti zao zisipelekwe kwenye mitambo ya kampuni. Mwezi uliofuata, kampuni ya Meta iliwaarifu wenye miwani yake kwamba sauti za maagizo zitahifadhiwa, na kwamba mtumiaji hawezi tena kukataa zisihifadhiwe. Atakachoweza ni kuzifuta mwenyewe moja moja. Mtu alinunua miwani kwa masharti haya, akaamka asubuhi akakuta masharti yale. Nyumba ya kupanga ina afadhali, maana mwenye nyumba hutoa notisi naye mpangaji akahama na vyombo vyake.

Lakini hata tuseme mnunuzi ameridhia kila kitu. Bado sijafika kwenye kiini cha ugomvi wangu. Aliyenunua ameridhia nafsi yake. Ameridhia na yangu? Redio ya kusikiliza iliyowekwa sebuleni unaiona, ukitaka unaondoka. Saa haikai sebuleni. Huingia msibani, kanisani na msikitini, kwenye foleni ya zahanati, na kwenye baraza la kahawa.

Nimewahi kukaa katika kikao cha kusuluhisha mtu na mkewe, huku kwetu Tanga. Mwanamke alikuwa ameombwa na wazee aseme bila ya hofu, naye baada ya kusitasita sana akaanza kueleza yale ambayo mtu hayasemi mara mbili. Katikati ya maneno yake, saa ya shemeji yake ikatoa sauti ya Kiingereza kwamba haikuelewa, irudiwe. Hakuna aliyecheka. Yule bibi akajifunika vizuri kanga yake, akasema, “Basi, wazee wangu, mimi nimemaliza.” Hakuwa amemaliza. Kijana aliulizwa saa ile imechukua nini na imekipeleka wapi, na kwa uaminifu kabisa akajibu kwamba hajui. Ndoa ile ilivunjika. Sisemi kwamba saa ndiyo iliyoivunja. Nasema kwamba siku ile palikuwa na mlango uliofunguka kidogo, ukafungwa, na haukufunguka tena.

Wazee walitufunza kwamba maneno ya kikao ni amana. Amana hukabidhiwa mtu unayemjua, na ikipotea unajua mlango wa kwenda kugonga. Sheria hazijalifikia jambo hili vizuri. Kenya ilitunga sheria ya kulinda data mwaka 2019, na Tanzania ikatunga yake ya taarifa binafsi mwaka 2022. Ni hatua za kushukuriwa. Lakini ile ya Kenya, kama zilivyo nyingine duniani, inayaacha nje matumizi ya mtu kwa mambo yake binafsi na ya nyumbani. Huwabana wenye makampuni. Shemeji mwenye saa kikaoni anabaki kuongozwa na haya zake tu.

Wengine huniambia kwamba asiye na la kuficha haogopi. Mlango wa choo hufungwa, na ndani hamna uhalifu wowote. Wengine hunikumbusha kipofu na mtu asiye na nguvu za mikono, ambao msaidizi wa sauti amewaondolea utegemezi mkubwa. Hao ninawaheshimu, na ugomvi wangu si nao. Kifaa hicho ni fimbo yao ya kutembelea, wawe nacho popote. Lakini isiwe kwamba fimbo ya kipofu inatumiwa kuwa ngao ya kuwauzia sikio lisilolala watu milioni mia wenye vidole vizima.

Ninachodai si kikubwa. Kwanza, kifaa kitoke kiwandani sikio likiwa limefungwa. Kubonyeza kitufe kuwe ndiyo kawaida, na usikivu wa kudumu auwashe anayeuhitaji. Pili, miwani ya Meta huwasha kitaa inapopiga picha. Basi na sauti iwe na taa yake, inayoonekana na aliyekaa mbele, si mvaaji peke yake. Tatu, sisi wenyewe tusingoje sheria. Tunavua viatu mlangoni bila ya kuamriwa na bunge. Penye kikao cha mambo ya watu, saa nayo ivuliwe, iwekwe chumba kingine, na mwenye baraza asione haya kuomba hivyo. Atakayekasirika kwa kuombwa, amekwisha kuonyesha ni sikio la nani analolithamini zaidi.