GARI LA JUU, MTOTO MAPAJANI

*SEHEMU YA 1*

Nimetoka zamu ya usiku, sijalala, na leo sina hamu ya kubembeleza mtu.

Tangu niandike kuhusu homa za watoto safarini, inbox imejaa swali moja: "Dada nesi, sisi tunaishi Moro mjini, kwetu ni milimani, tunataka gari la juu la used, la kwendea kazini na la kupandia kijijini. Tuchukue lipi?" Nikiwauliza mmeangalia nini mpaka sasa, majibu ni yale yale. Rangi. Rimu. Skrini kubwa. "Lina muonekano." Mmoja akaniambia mume wake amelipenda kwa sababu likipaki kanisani watu wanageuka.

Hakuna hata mmoja aliyeniambia mikanda ya siti za nyuma inafanya kazi. Hata mmoja!

Nasema wazi, na atakayekasirika akasirike. Familia nyingi za hapa mjini tunachukua mkopo wa miaka mitano kununua heshima, halafu mtoto tunampakata mapajani siti ya mbele. Tunanunua urefu wa gari tukidhani tumenunua usalama. Shirika la Afya Duniani linasema ajali za barabarani ndizo zinazoongoza kuua watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29. Ukitoa mwaka wa kwanza na miaka michache ya malaria na nimonia, adui mkubwa wa mwanao ni barabara. Ila kliniki ya chanjo tunaenda, kwenye gari tunabahatisha.

Na kabla hujasema "nesi anajiona", soma sehemu ya pili. Mkosaji wa kwanza ni mimi.

*SEHEMU YA 2*

Kwa mama yangu ni Mgeta. Wanaoijua njia wanajua: unatoka mjini na barabara ya Iringa, ukiiacha lami maeneo ya Mzumbe unaanza kupanda kuelekea Langali na Nyandira. Juu kule kuna baridi, njegere, kabeji na viazi. Barabara imekatwa ubavuni mwa mlima; upande mmoja ukuta wa udongo, upande mwingine unaona mapaa ya nyumba za watu chini yako. Kiangazi ni vumbi. Masika, Machi mpaka Mei, ule udongo mwekundu unateleza kama sabuni.

Gari letu la kwanza lilikuwa la juu. Aina yake siitaji, na aliyetuuzia simtaji. Nyuma lilikuwa na stika kubwa imeandikwa 4WD. Dalali akatuambia, "Dada, hii gari ya juu inapanda hata ukutani." Baba watoto akacheka, mimi nikacheka, tukasaini.

Tulipanda salama. Siku ya kushuka kulikuwa na manyunyu. Juu ya keria tumefunga mikungu mitatu ya ndizi na gunia la viazi, si unajua mama hawezi kukuacha uondoke mikono mitupu. Binti yangu alikuwa na miaka miwili, alikuwa analialia nyuma, nikamchukua nikampakata mbele. Mkanda nilijifunga mimi. Yeye nilimfunga kwa mikono yangu.

Baba watoto alishuka na gia ya D mwanzo mwisho, mguu kwenye breki. Baada ya kona kadhaa nikasikia harufu ya kuungua. Akasema, "Breki imekuwa laini." Kona iliyofuata akakanyaga, gari halikusimama. Mungu ni mwema, akalielekeza upande wa ukuta, tukaingia kwenye mfereji. Mwendo ulikuwa mdogo sana, hata thelathini haifiki. Mikono yangu ikafunguka kama haikuwepo. Binti akagonga dashibodi kwa paji la uso.

Nyuzi tatu. Kovu analo mpaka leo, pale juu ya nyusi. Mimi, ninayesimama kliniki kufundisha kina mama jinsi ya kumshika mtoto.

Gari lilipofika gereji ndipo tukajua tulichonunua. Fundi aliingia uvunguni akatoka anacheka kwa huruma: hakuna difu nyuma, hakuna shafti inayokwenda nyuma. Ni 2WD, stika ilibandikwa. Breki padi zimebaki kama karatasi. Akafungua kifuniko cha dashibodi upande wangu: eabegi haipo, kuna tundu tupu. Na taa ya eabegi ilikuwa haiwaki kwa sababu balbu yake ilishatolewa, ili mnunuzi asiulize.

Ngoja niseme na hili kabla hamjaniambia. Hata kama ile eabegi ingekuwepo na ikafumuka, mtoto aliyekuwa mapajani mwangu ingemuumiza zaidi, maana hufumuka kwa nguvu ya kumzuia mtu mzima aliyefunga mkanda. Kwa hiyo muuzaji alituibia, ndiyo. Ila aliyemweka mtoto pale ni mimi.

*SEHEMU YA 3*

Sasa tusomeshane, maana dalali anakula kwenye kutojua kwetu.

Kwanza, 4WD inakusaidia kuondoka na kupanda. Kusimama haikusaidii. Kila gari, hata kile ki-IST, lina breki kwenye magurudumu yote manne. Kwenye mteremko wenye utelezi kinachokuokoa ni matairi yenye meno, breki nzima na gia ndogo. Otomatiki ina 2 na L, zimewekwa kwa kazi hiyo. Unaishusha gia kabla mteremko haujaanza, injini inalizuia gari, breki zinapumzika. Breki ikikanyagwa mfululizo inachemka, na ikichemka inakataa.

Pili, gari la juu linapinduka kirahisi kuliko la chini. Ukiweka na magunia kwenye keria, umelipandisha uzito juu zaidi. Mizigo mizito ikae ndani, chini, imefungwa.

Tatu, usiamini stika. Amini namba ya chasisi, maana herufi zile zinasema ukweli. Chukueni kalamu:

- Harrier ya kizazi cha pili yenye injini ya lita 2.4: ACU30 ni 2WD, ACU35 ni 4WD.
- RAV4 ya kizazi cha tatu: ACA36 ni 2WD, ACA31 ni 4WD.
- Vanguard ya lita 2.4: ACA38 ni 2WD, ACA33 ni 4WD.

Ona tofauti ni namba moja tu, na kwa macho magari yanafanana kama mapacha. Halafu lala chini, chungulia uvunguni nyuma kama kuna difu. Usione aibu kuchafua dera, mkopo utaulipa wewe.

Nne, kuna 4WD na 4WD. RAV4, Harrier na X-Trail, hata zikiwa 4WD kweli, hazina ile gia nzito ya 4L. Kwa vumbi, mashimo na matope ya wastani zinatosha kabisa, wala sizidharau. Ila kama wewe unapanda Mgeta au Kolero kila mwezi, masika na kiangazi, unahitaji 4L: Escudo, Pajero iO, au Prado kama mfuko unaruhusu. Gia ile inalitembeza gari polepole kwenye kupanda, na kwenye kushuka inalishika lisikimbie. Sisi leo tuna Escudo ya zamani. Haina muonekano. Kanisani hakuna anayegeuka.

*SEHEMU YA 4*

Najua mnachotaka kusema. Nijibu moja moja.

"Sisi tulibebwa mapajani na tupo." Ndiyo, tupo sisi tuliobaki. Wasiobaki hawawezi kukuandikia inbox. Halafu piga hesabu na mimi: gari likitoka mwendo wa 50 likagonga na kusimama ghafla, kila kilichomo kinasukumwa mbele kwa nguvu ya mara ishirini ya uzito wake, au zaidi. Mtoto wa kilo 10 anakuwa kama kilo 200. Wewe unayeshindwa kubeba gunia la mahindi utashika kilo 200 kwa mikono?

"Kiti cha mtoto ni mambo ya wazungu, ni ghali." Shoga yangu, rimu za sport umenunua. Radio umebadilisha. Kava za viti umeshonesha, na hizo kava ndizo zimefunika vichomekeo vya mikanda ya nyuma! WHO wanasema viti vya watoto vinaweza kupunguza vifo kwa asilimia 60. Nitajie rimu inayofanya hivyo. Ukinunua kiti cha mtumba, nunua kwa mtu unayemjua, kisiwe kimewahi kuwa kwenye ajali.

"Lakini nikimweka nyuma analia." Alie. Simama, mnyonyeshe, msafishe, endeleeni. Mimi nilimnyamazisha wangu, na gharama yake mmeisoma hapo juu.

"Bila gari la juu kijijini watatuonaje?" Hapa ndipo penye ugonjwa wenyewe. Kama uko Kihonda au Bigwa, kazini ni lami, na kwenu unapanda mara mbili kwa mwaka, Pasaka na Krismasi, kwa nini siku nyingine zote ulishe mafuta gari zito? Nunua gari dogo zima, lenye mikanda yote. Siku ya kupanda, kodi gari la milimani na dereva anayeijua ile njia, lenye mikanda, na kiti cha mtoto ubebe chako. Hesabu ya mwaka itakushangaza. Mama yako anataka kuwaona wajukuu, wamefika na meno yao yote. Hajawahi kuuliza gari lina cc ngapi.

Na kina baba mnaosoma kwa kujificha: hili si la mama peke yake. Baba watoto wangu aliumia moyo kuliko mimi. Mpaka leo akifika pale Mzumbe anasimamisha gari, anazunguka, anakagua mikanda ya watoto mmoja mmoja ndipo tunapanda. Sijawahi kumwambia afanye hivyo.

*SEHEMU YA 5: KABLA HUJATOA HELA*

Hifadhi hii. Nenda nayo yadi, au kwa mtu, popote.

1. Washa swichi bila kuwasha injini. Taa ya eabegi lazima iwake, kisha izime. Isipowaka kabisa, balbu imetolewa au imechezewa. Isipozima, kuna hitilafu. Vyote viwili, ondoka.

2. Mamilioni ya magari duniani, mengi ya Kijapani, yaliitwa kubadilishwa eabegi za kampuni ya Takata kwa sababu zingine zilipasuka na kurusha vipande vya chuma. Gari la mtumba linaweza kuwa halijabadilishwa. Muulize fundi wa uhakika aangalie kwa namba ya chasisi.

3. Vuta kila mkanda kwa nguvu, ghafla. Unatakiwa ukwame. Hesabu: watoto wangapi, mikanda mingapi? Mikanda ikipungua, hilo gari si lenu.

4. Soma tairi ubavuni. Kuna namba nne za mwisho, mfano 2319: maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi linaweza kuwa na meno mazuri na likawa limezeeka. Angalia na tairi la akiba na jeki.

5. Mlete fundi WAKO, usichukue wa dalali. Apande naye mteremko halisi, ashuke kwa gia ndogo, anuse breki, aangalie padi na mafuta ya breki.

6. Kama unaagiza Japani, ingia kwenye kikokotoo cha TRA kabla ya kulipia. Gari likizidi miaka 8 kuna ushuru wa ziada wa uchakavu. Wengi wanaagiza kwa bei ya gari, wanakwama kwa bei ya bandarini.

7. Bajeti ya kiti cha mtoto itoke kwenye hela ya gari, isisubiri "tukijipanga". Mchanga akae nyuma, uso ukielekea nyuma ya gari. KAMWE usimweke hivyo mbele penye eabegi. Mkubwa abaki kwenye kiti chake mpaka mkanda wa gari umpite begani usiguse shingo, na wa chini ulale kwenye nyonga usipande tumboni.

8. Safari ya milimani anza asubuhi. Masika, kama si msiba au mgonjwa, subiri pakauke. Mlima hauhami.

Ya wagonjwa siwezi kuyaandika hapa, na sitayaandika. Niseme tu kwamba usiku ule mlango unaposukumwa kwa bega na baba anaingia na mtoto mikononi, hakuna kati yetu anayeuliza gari lilikuwa aina gani. Tunauliza kitu kimoja: alikuwa amefungwa mkanda?

Nataka siku ukiulizwa swali hilo uweze kujibu ndiyo.

Mtumie baba watoto. Naenda kulala, zamu yangu inarudi saa moja usiku.