Mtoto wa Kerio na Hesabu za Mawimbi

Wasomaji wa Lodwar hawajasahau Septemba 2013. Mwezi huo serikali ya Kenya pamoja na UNESCO walitangaza kwamba chini ya ardhi ya Turkana kuna maji, tena si maji ya kisima kimoja cha shule: hifadhi ya Lotikipi peke yake ilikadiriwa kuwa na mita za ujazo bilioni 200. Habari ikazunguka dunia nzima. Haikuchukua miaka mingi, maji ya Lotikipi yakapimwa na kuonekana yana chumvi isiyonyweka.

Kisa hiki kimeshasimuliwa sana kwa upande wa siasa, nami sina la kuongeza huko. Naomba tukitazame kwa upande mwingine. Kabla ya kisima cha majaribio kuchimbwa, kampuni ya Kifaransa iitwayo Radar Technologies International ilichukua picha za rada zilizopigwa kutoka angani, ikazisafisha kwa hesabu, ikazipanga pamoja na habari za miamba, ndipo ikasema chimbeni hapa. Wimbi la rada hurudi na habari za unyevu na umbo la ardhi. Haliji na habari za chumvi. Mtu aliyekulia huku, anayejua ni kisima kipi mbuzi hukataa maji yake, angeuliza swali la chumvi mapema kama angekuwa mbele ya ile kompyuta. Hakuwapo, kwa sababu hakuwa amesomea.

Mwaka mmoja kabla ya hapo, 2012, mafuta yalipatikana katika kisima cha Ngamia 1, upande wa Lokichar, humu humu Turkana. Mafuta nayo hutafutwa hivyo hivyo: ardhi hutikiswa, mwangwi unaorudi kutoka chini hunaswa na vifaa vilivyotandazwa juu ya mchanga, kisha wataalamu hukaa miezi wakiutenganisha mwangwi wa kweli na kelele. Mawimbi huchukuliwa kwetu, hesabu hufanyiwa kwingine, nasi huletewa tangazo. Hilo ndilo linalonifanya niandike leo.

Elimu ya hesabu hizo huitwa uchakataji wa mawimbi, na katika vyuo vingi hufundishwa sambamba na teknolojia ya midia anuwai, yaani sauti, picha na video zikiwa zimegeuzwa tarakimu. Najua mzazi wa Kerio, huku Turkana, akiambiwa mwanawe anasoma “midia” humwona tayari amebeba kamera kwenye harusi. Kazi ya kamera ni kazi ya halali, na vijana wa kambi ya wakimbizi ya Kakuma wamejifunza kupiga na kuhariri filamu wakiwa humo kambini, wengine kwa ustadi mkubwa. Lakini stashahada hukufundisha kutumia chombo. Hata shahada ya kwanza, mara nyingi, hukuonyesha tu kilichomo ndani yake. Ni katika uzamili na uzamivu mtu anapofika mahali pa kukifungua chombo chenyewe na kukibadilisha, na mabadiliko hayo ndiyo tunayoyahitaji sisi kuliko watu wa Nairobi au London.

Nitoe mfano kutoka kinywani mwetu. Mwaka 1983 Mholanzi Gerrit Dimmendaal alichapisha sarufi ya Kiturkana. Humo alieleza jambo ambalo kila mama wa Kerio hulifanya bila kulifikiria: irabu za mwisho wa neno, msemaji anapotua, hutamkwa bila mtetemo wa koo, pumzi tupu. Zaidi ya hayo, lugha yetu hutumia toni, ya juu na ya chini, kubeba maana.

Sasa mchukue mama huyo anapiga simu kituo cha redio mjini Lodwar. Simu ya kawaida hukata sauti yake vipande 8,000 kwa sekunde, nayo hupitisha mawimbi yasiyozidi takribani 3,400 kwa sekunde. Kisha programu ya kupunguza kelele hupima vijipande vya sauti vya kama sehemu 20 za elfu za sekunde, kimoja kimoja, ikijiuliza: haya ni maneno au ni upepo? Sauti yenye mtetemo wa koo hutambulika upesi. Pumzi hafifu mwishoni mwa kauli, tena pale ambapo mashine inangoja kimya, hufanana mno na upepo wa Ziwa Turkana, na inaweza kufutwa pamoja nao. Hakuna aliyekusudia ubaya. Huenda aliyetunga programu aliijaribu kwa lugha ambazo hazina irabu za pumzi, ikampa majibu mazuri, akaenda nyumbani. Kosa la namna hii halirekebishwi kwa kulalamika. Hurekebishwa na mtu anayejua hesabu za Fourier za kuligawa wimbi katika sehemu zake, anayejua uwezekano na vichujio, na ambaye sikio lake lililelewa kwa lugha hiyo.

Na si Kiturkana pekee. Kakuma, tangu kambi ifunguliwe mwaka 1992, kuna Wadinka, Wanuer, Wadidinga, Wasomali, Wakongo na wengine wengi, na lugha zao kadhaa ni za toni. Sijui mahali pengine nchini ambapo mwanafunzi wa uzamili angeweza kutembea asubuhi moja na kukutana na kazi ya tasnifu tano.

Wapo watakaoniuliza, mwenye mbuzi wachache atamsomeshaje mtoto mpaka huko? Swali ni la haki. Siwezi kumwambia mtu auze mifugo iliyobaki baada ya ukame. Lakini milango ipo. Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon kina tawi Kigali tangu 2011, linalotoa shahada ya uzamili ya uhandisi wa umeme na kompyuta, na ufadhili wa Mastercard Foundation umewafikia Waafrika wengi pale. Chuo Kikuu cha Dedan Kimathi, Nyeri, kina watafiti wanaotumia kompyuta kusikiliza sauti za ndege ili kujua afya ya msitu. Anayeweza kutambua ndege ataweza kutambua irabu. Kwa wakimbizi upo mpango wa ufadhili uitwao DAFI, ulioanza mwaka ule ule wa 1992, ingawa huo husaidia hasa shahada ya kwanza. Na hapa ndipo ninapowalaumu viongozi wetu: tunapokusanya fedha za elimu, tunamshangilia mhitimu siku ya joho la kwanza, kisha tunamwacha njiani. Fungu moja la basari la wodi, likitengwa kwa mwanafunzi mmoja tu wa uzamili kila mwaka, halitamnyima chakula mtoto wa sekondari.

Wengine husema kazi hiyo haipo Lodwar. Haipo kwa sababu hayupo wa kuifanya. Redio zinazotangaza kwa Kiturkana zinahitaji sauti safi. Daktari wa Lodwar anayetuma picha ya eksirei mbali anahitaji picha iliyobanwa bila kupoteza ufa wa mfupa. Ziwa limekuwa likipanda na kumeza makazi, na picha za setilaiti zinazoonyesha hayo zinangoja mtu wa kuzisoma.

Kijana uliye na shahada ya kwanza ya fizikia, hesabu, umeme au kompyuta, nakusihi usichague chuo kwa jina la kozi. “Midia anuwai” huandikwa kwenye mabango ya vyuo ambavyo vitakufundisha kupamba video kwa mwaka mzima. Uliza mtaala. Ukikosa aljebra ya mistari, nadharia ya uwezekano na uchakataji wa mawimbi wa kidijitali, rudi ulikotoka. Ukishapokewa, chagua tasnifu ya nyumbani. Rekodi wazee wa Kerio kwa ridhaa yao, uwaeleze sauti zao zitatumika wapi, uwalipe muda wao, na nakala uiache Turkana, pengine kwenye maktaba ya chuo kikuu kishiriki kilichoanzishwa Lodwar chini ya ulezi wa Masinde Muliro, ili anayekufuata asianze tena kwa kuomba faili Ulaya.