Nyumba Kumi Tusiwaachie Wazee Peke Yao

Leo naongea na watu wa Migori, Rongo, Awendo, Isebania, Homa Bay, Oyugis, Mbita, na popote pale ambapo ukitaja "Nyumba Kumi" vijana wanacheka. Najua vile tunawaita hao wazee: masikio ya chifu, snichi, watu wa kubeba maneno hadi kituoni. Niko na maoni tofauti kidogo, so nisomee hadi mwisho kabla uanze kunitusi.

Kwanza tukumbushane hii kitu ilitoka wapi. Wazo la nyumba kumi ni la majirani zetu Tanzania, kule balozi wa nyumba kumi alikuwepo tangu enzi za Mwalimu Nyerere. Hapa Kenya serikali ililisukuma kwa nguvu mwaka 2013, baada ya shambulizi la Westgate mwezi wa Septemba. Ujumbe ulikuwa rahisi: mjue jirani yako, na ukiona kitu hakieleweki, sema. Lakini hata kabla ya hapo, Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya 2011 ilikuwa tayari imeandika kuhusu polisi na jamii kufanya kazi pamoja.

Na ukiangalia mtaani, kazi yenyewe iko. Karao hawezi kujua kila njia ya panya hapo Isebania, ama boda ya nani imepotea Rodi Kopany. Mzee wa kijiji anajua. Mama wa Nyumba Kumi anajua ni nyumba gani watoto wanalia usiku na ni nani analala nje akiogopa bwana yake. Kwa ziwa, kamati za ufuo, zile tunaita BMU, zinajua mashua gani imetoka na haijarudi, na nani anavua na nyavu haramu. Wengi wao hawana mshahara, hawana gari, hawana bunduki. Wako na simu, na mara nyingi bundles ni zao wenyewe. Usiku ikinuka, wao ndio wanaamshwa wa kwanza. Hiyo heshima tuwape.

Sasa tuingie kwa ile kitu inauma.

Tarehe 7 Juni 2025, Albert Ojwang, mwalimu na mtu wa kuandika mtandaoni kama mimi, alichukuliwa na polisi nyumbani kwao hapa Homa Bay kwa sababu ya chapisho kuhusu mkubwa wa polisi. Akapitishwa kituo cha Mawego, kisha akapelekwa Nairobi, safari ya mamia ya kilomita. Kesho yake alikuwa amekufa mikononi mwa polisi. Alikuwa na miaka 31. Babake alisafiri hadi Nairobi na hati ya shamba mkononi akidhani anaenda kumtolea dhamana. Polisi walisema eti alijigonga kichwa ukutani. Uchunguzi wa maiti ukakataa hiyo hadithi. Watu sita, wakiwemo maafisa watatu wa polisi, walifikishwa kortini kwa shtaka la mauaji. Hukumu ni kazi ya korti, siyo yangu.

Tarehe 3 Julai mwili uliporudi nyumbani, waombolezaji wenye hasira waliupitisha Mawego, na kituo kikachomwa. Naelewa hiyo hasira hadi mwisho. Lakini pia najiuliza, msichana wa pale Mawego akibakwa wiki inayofuata, anaandikisha OB wapi?

Ndio maana nasema shida ya Nyumba Kumi siyo kwamba inaongea na polisi. Shida ni kwamba maneno yanaenda upande mmoja. Sisi tunapeleka habari juu, na chini hakurudi kitu. Wewe umetaja jina la mwizi, kesho mwizi ako mtaani akikuangalia vibaya, na hakuna mtu wa kukueleza kesi ilifika wapi ama nani alimwambia ni wewe. Na polisi wakija kuchukua kijana wa boma fulani, yule mzee tunayemwita masikio ya serikali hajui chochote. Anajulia kwa Facebook kama sisi.

Sheria haikukusudia hivyo. Ile sheria ya 2011, ikieleza polisi wa jamii ni ya nini, inataja pia uwazi ndani ya polisi na polisi kuwajibika kwa jamii. Na Katiba, kifungu cha 49, inasema ukikamatwa uambiwe sababu mara moja, kwa lugha unayoelewa, uruhusiwe kuwasiliana na wakili na watu wa kukusaidia, na ufikishwe kortini ndani ya saa 24, ama siku ya korti inayofuata kama ni wikendi. Hizo ni mistari chache tu. Mtu wa kujitolea anaweza kuzishika kwa kichwa.

Kuna wenye watasema, "Omera, wacha hizo, tujilinde wenyewe tu." Hapana. Hiyo barabara tushaipita. Sungusungu ilianza kwa Wasukuma na Wanyamwezi miaka ya 1980, wizi wa ng'ombe ukiwa umezidi. Mwaka 1998 ikavuka mpaka hadi kwa Wakuria wa huku kwetu. Wezi waliogopa kweli, lakini viboko na faini vilikuja nayo, na hakimu alikuwa hao hao. Kisii, hapo jirani, jina hilo likaja kutisha watu wa kawaida, na mwaka 2010 serikali ikaliweka kwa orodha ya magenge yaliyopigwa marufuku. Mtu wa kujitolea asiyeulizwa maswali anageuka karao bila namba.

So tufanye nini? Baraza la chifu likiitwa, twende. Najua ni saa tatu asubuhi na unaona ni mambo ya wazee. Mimi niliacha chuo, kazi yangu ni simu na tripodi, so ratiba yangu inaruhusu. Na wasee wengi wa base pia, tusidanganyane. Nafasi za kamati zikitajwa, tuweke majina yetu, na ya wasichana pia, kwa sababu kesi nyingi za nyumbani wazee wanaume "huzimaliza" kwa mbuzi mmoja.

Tukishaingia, tuombe vitu vitatu. Kila mwezi OCS ama mtu wake aje aseme zile ripoti tulipeleka zimefika wapi. Jina la aliyetoa habari lisitoke kituoni. Na mtu akichukuliwa kijijini, mzee wa Nyumba Kumi aambiwe saa hiyo hiyo amepelekwa kituo gani na kwa kosa gani, ndio familia ianze kumfuata kabla gari halijafika Nairobi.

OCS akikataa hiyo ya tatu, mniambie ni kwa nini alikataa. Comments ziko wazi, na baraza likiitwa kwenu, niitie pia.