Ramli Yaaminiwa, Mama Haaminiwi



Sifa njema zote ni zake Mwenyezi Mungu, Mjuzi wa siri na dhahiri. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na sahaba zake. Ama baad.

Wiki hii twazungumza na mama zetu, na waume zao wasikilize, juu ya jambo ambalo sisi wenyewe tulikosea.

Miaka kadhaa iliyopita alitujia mama mmoja nyumbani, akaketi na ahli yetu, kisha akaomba kutuuliza. Mwanawe wa kiume alikuwa amebadilika. Usiku halali, mchana haamki. Swala ya jamaa ameiacha. Macho mazito, na akizungumza hujikuna-kuna. Fedha za matumizi zilikuwa zikipungua kabatini. "Sheikh," alisema, "moyo wangu hautulii. Nahofia mwanangu yumo katika unga." Mumewe alikwisha kumwambia kuwa ni wasiwasi wa kike. Nasi, Mwenyezi Mungu atusamehe, tukamwambia lilo hilo kwa maneno mazuri zaidi. Tulimkumbusha onyo la Suratul-Hujurat, aya ya 12, juu ya dhana, tukamwaga kwa dua.

Baada ya miezi miwili bangili zake za dhahabu zikapotea. Yule baba aliyekataa kumsikiliza mkewe akafunga safari kwenda kwa mpiga ramli. Mchanga ukatandazwa, alama zikachorwa, jawabu likatoka: mwizi ni mwanamke, si wa damu ya nyumba hii, naye alala humo humo. Msichana wa kazi akafukuzwa huku akilia na kuapa. Baadaye bangili zikaonekana kwa sonara. Aliyeziuza ni yule kijana.

Tazameni ajabu hii. Mtu asiyewahi kuikanyaga nyumba ile aliaminiwa kwa kikao kimoja. Mama aliyemzaa na kumlea kijana hakuaminiwa kwa miezi. Na ramli, kama ilivyo desturi yake, ilimwangukia asiye na wa kumtetea.

Hukumu ya jambo hili haina utata. Ghaibu ni ya Mwenyezi Mungu peke yake. Imam Muslim amepokea kuwa mwenye kumwendea mtabiri akamuuliza jambo, swala yake haikubaliwi kwa masiku 40. Nayo sura ile ile ya Al-Hujurat, katika aya ya 6, yatuamrisha tuhakikishe habari aletayo fasiki, tusije tukawadhuru watu kwa kutojua, kisha tukabaki kujuta. Sisi tuliikumbuka aya ya 12, na aya ya 6 hakuna aliyeikumbuka.

Waarabu wana kisa cha kale cha Zarqaa wa Yamama, mwanamke wa kabila la Jadis, aliyesifiwa kwa kuona mbali kiasi cha mwendo wa siku tatu. Husimuliwa kwamba maadui walipokuja kuwavamia, walikata miti wakajificha nyuma yake. Zarqaa akawaambia watu wake kuwa aona miti yatembea. Hawakumsadiki, walisema amepotewa na akili. Kulipopambazuka adui alikuwa juu yao. Wakauawa, naye akang'olewa macho. Zarqaa hakupiga bao wala hakudai ghaibu. Alitazama, akasema alichokiona.

Vivyo hivyo mama wa nyumbani. Aghalabu kile akiitacho "moyo wangu" ni mambo madogo mengi aliyoyaona siku baada ya siku, hata kabla hajaweza kuyapanga kwa maneno. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi.

Hata hivyo, moyo nao si wahyi. Katika Suratul-Qasas, mama yake Nabii Musa (a.s.) alitiwa ilhamu, akamtia mwanawe mtoni, kisha akamtuma dada yake Musa amfuatilie, aone yatakayompata. Ikiwa yeye aliyetiwa ilhamu na Mola wake alifuatilia, sisi je? Basi mama, moyo ukikusukuma, usimtuhumu mtu wala usinyamaze. Angalia, uliza, shauriana na watu wema, swali rakaa mbili za istikhara. Ukiona dalili za maradhi, mpeleke mwanao kwa tabibu.

Na waume, mke akikuleteeni habari, msiiite wasiwasi kabla ya kwenda kutazama. Nasi masheikh tusijisahau. Katika Arbaini ya Imam Nawawi, isomwayo na watoto wetu chuoni, Mtume (s.a.w.) amwelekeza sahaba Wabisa auulize moyo wake, hata kama watu wamemtolea fatwa. Mama yule aliuuliza moyo wake. Fatwa yetu ndiyo iliyomrudisha nyuma.

Kijana yu hai, alhamdulillahi, na anatibiwa. Msichana wa kazi alitafutwa kwao aombwe radhi, asipatikane. Deni lake lingali shingoni mwa baba yule, na sehemu yake, twahofia, i shingoni mwetu.

Wabillahi tawfiq.