Usitie sahihi kwa parseli ambayo karatasi haiijue



Deni likimbana mtu mu mji huu wa Goma, kitu cha kwanza anachoombwa ni karatasi ya parseli. Tangu benki zilipofunga milango Januari 2025, wengi wamegeukia wakopeshaji wa mtaani, wale tunaowaita Banque Lambert. Mkataba unaandikwa haraka, juu ya meza ndogo: «parseli moja iko Mabanga, karibu na kanisa». Watu wanatia sahihi, feza zinahesabiwa, basi.

Sisi tunasema: maneno kama hayo hayalindi mtu. Mabanga gani, Nord ao Sud? Kanisa gani? Mita ngapi kwa ngapi? Majirani ni nani? Siku ya shida kila mtu atasoma karatasi vile anavyotaka, na mwenye feza ndiye atasikilizwa wa kwanza.

Hapa kwetu hatari ni kubwa kuliko kwingine. Tarehe 17 Januari 2002 lava ya Nyiragongo ilipita katikati ya mji. Barabara, nyumba na mawe ya mipaka vilibaki chini ya mwamba, na watu wakajenga tena juu yake. Mei 2021 lava ikarudi, ikafika mpaka Buhene. Halafu kuna vita: familia zinakimbia, zikirudi zinakuta ukuta umesogea. Karatasi inayosema «kutoka kwa mti mpaka kwa ukuta» haina maana tena kama mti na ukuta haviko.

Sheria, yenyewe, iko wazi. Sheria ya udongo ya 20 Julai 1973 inasema udongo ni mali ya Serikali, na haki ya mtu juu ya kiwanja inathibitishwa na certificat d'enregistrement. Fiche parcellaire, ao barua ya shefu wa avenyu, haifikie pale. Na tangu 2012 inchi yetu iko mu OHADA. Sheria zake zinasema ipoteki inawekwa juu ya kiwanja kinachojulikana kabisa, kilichoandikishwa, na kwamba bila kuandikwa kwa konservateri haina nguvu mbele ya watu wengine. Kwa hiyo namba ya kadastri, ukubwa, mipaka na namba ya certificat si mapambo. Ndizo zinaonyesha deni limefungwa kwa kiwanja gani, na linaishia wapi.

Kuna mitego miwili ambayo vijana wanapaswa kujua.

Wa kwanza: karatasi inasema «kiwanja kitupu» kumbe kuna nyumba ya vyumba vine. Mtu anafikiri ameficha nyumba. Hapana. Ipoteki inashika kiwanja pamoja na kilichojengwa juu yake. Ulichofanya ni kushusha bei ya mali yako mwenyewe.

Wa pili ni mbaya zaidi: mkopeshaji anaomba utie sahihi kwa «acte de vente», eti ni formalité tu. Hiyo haiko rehani, ni mauzo. Na anajua juu ya nini anafanya vile: kwa ipoteki ya kweli, sheria ya OHADA haikubali mkataba umpe mkopeshaji nyumba ya kuishi moja kwa moja. Lazima apite njia ya sheria, nyumba iuzwe, na feza inayobaki baada ya deni irudi kwa mwenyewe. Kwa «acte de vente» hakuna kinachorudi.

Kwa hiyo tunaomba mambo haya.

Kwa kila familia: kabla ya sahihi, pimeni. Andikeni komini, kartiye, avenyu, namba, mita za kila upande, majina ya majirani wa pande zote, na kila kilichojengwa. Mbaki na kopi. Mama wa nyumba na watoto wakubwa wasome pia.

Kwa mashefu wa avenyu na wa kartiye: musitie muhuri kwa karatasi ya kiwanja ambacho hamujafika kukiona.

Kwa wote wanaoshika ofisi za udongo: bei zote zibandikwe ukutani, na mtu akiuliza parseli yake imeandikwa vipi, ajibiwe bila kutoa «ya kahawa».

Deni linaweza kulipwa kidogo kidogo. Nyumba ya wazazi ikienda kwa sababu ya mstari mmoja ulioandikwa vibaya, inachukua maisha mazima kuirudisha. Musome, mupime, ndipo mutie sahihi.